Kitani na Pamba kwa Mama Sekunda

Mwalimu Komba, tuliyefundisha naye Mbinga, aliniomba nikamchore mama yake mgonjwa kule ziwani. Hajawahi kupigwa picha, alisema, na muda umekwisha. Mimi, mtu wa Tanga niliyehamishiwa Mbinga, nilikuwa na vitambaa viwili tu: kipande cha kitani alichoniachia padri mmoja alipokuwa akirudi kwao, na pamba pana niliyoipata Songea kabla maduka hayajakauka. Kitani hudumu, pamba hulegea haraka kwenye unyevu. Hata hivyo nilipanga kutumia pamba, kitani kingoje kazi kubwa zaidi.

Asubuhi tulidandia lori la mahindi la kwenda Mbamba Bay. Mvua ilituandama milimani. Kila lilipokwama tulishuka kusukuma.

Kutoka Mbamba Bay tulifuata ufuo kwa miguu hadi kijiji kipya cha ujamaa. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari, nyingine hazina milango. Mama Sekunda, mama yake Komba, alikuwa amelala mkekani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na mvua."

Nilimwonyesha vitambaa. Akavipapasa kimoja kimoja.

"Kipi kinakaa sana?"

"Kitani, mama."

"Basi niweke hapo, wajukuu wanione." Kisha akaivuta pamba hadi kifuani. "Hii ni laini. Dukani hakuna hata nguo ya kuzikia mtu. Mtanivika hii."

"Mama, usiseme hivyo," Komba alinong'ona.

"Niseme lini, basi?"

Nilikipaka kitani gundi ili kisinyonye rangi. Kesho yake asubuhi, kilipokuwa kimekauka, tulimwegemeza ukutani, nikaanza. Uso ulinitii. Nilipofika kwenye mikono, pumzi zikaanza kumkatika. Akafa mchana, wanawake wakimwimbia kwa Kinyasa.

Pamba waliishona wao. Tulimzika kando ya shamba la muhogo, udongo umelowa, unashika majembe.

Baada ya maziko nilishika brashi nimalizie. Komba akanizuia.

"Iache. Usimbunie mama yangu mikono."

Nilirudi Mbinga peke yangu. Yeye alibaki matangani. Njia nzima nilitetemeka kwa baridi chini ya turubai la lori.

Wanafunzi wa uchoraji huniuliza kitambaa gani bora. Zamani ningewatajia nyuzi na unyevu. Siku hizi huwauliza kwanza wanamchora nani, na kama kuna anayekihitaji kitambaa hicho kuliko wao.