Mrushaji Aliyebadilishwa

Jumanne, treni ikipita mtaa wa Frogtown na theluji ikishuka kana kwamba haina haraka ya kufika chini, niliketi nyuma ya mama mmoja Mkenya na mzee wa Kizungu ambaye mama huyo ameajiriwa kumtunza. Mzee alishika picha ya timu ya kale ya besiboli, akipapasa uso mmoja kwa kidole gumba.

"Huyu babu yangu, mrushaji mpira. Timu yake ilimtoa kwa timu nyingine, ikapewa wachezaji wawili badala yake. Alijua aliposoma gazeti."

"Wooi! Hata hawakumuita wakaongea?"

Simu ya mama ikalia. Akasoma ujumbe, kisha akamgeukia mzee.

"Ni ejensi yetu ya walezi. Kuanzia Monday wananipeleka Eagan, kwa mzee mwingine. Kwako atakuja mtu mwingine."

Mzee akaitazama tena picha ya babu yake.

"Mmoja tu?"

"Mmoja."

"Basi nimepunjwa."

Wanaopanga zamu kwenye ejensi, kama wale wanaobadilishana wachezaji wa timu, hawapandi treni hii. Wangepanda, wangemwona mama akimfunga mzee skafu upya, ilhali haikuwa imelegea.