Siku Tuliyokataa Kupiga Makofi

Mimi nilisoma madarasa mawili tu, lakini nimewahi kumsimamisha Bwana Shauri akiwa mguu mmoja ndani ya gari. Wajukuu wangu wanasema najisifu. Najisifu, ndiyo. Wasiojisifu hawana cha kusema.

Nilizaliwa Mtendeni, Tabora mjini, nikaolewa porini upande wa Usinge, enzi za Mwingereza. Mwaka mmoja malale yaliua watu wengi, na serikali ikaamua kututoa msituni, mbali na mbung'o, tukae pamoja karibu na reli. Kuhama hatukukataa; tulikuwa tumezika vya kutosha. Shida ilikuwa shamba. Mtama ndio kwanza ulikuwa unatia maziwa, na maghala yalikuwa matupu. Kuuacha mtama wakati ule ni kuwaachia nguruwe na kwenda kufa njaa ugenini.

Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, alikuja kufanya baraza, na mtemi wetu akakaa kando yake. Wazee watatu walisimama kuomba tusubiri mavuno. Wa kwanza alisalimia mpaka kivuli kikahama: Bwana mkubwa, baba yetu, sisi watoto wako. Bwana akaanza kuangalia saa. Wa pili akarudia salamu za wa kwanza. Wa tatu ndiye aliyefika kwenye mtama, akautaja mara moja, akamalizia, "Ni hayo tu, baba, tunashukuru." Wanaume wote wakapiga magoti, wakapiga makofi, kama tunavyomheshimu mtemi mtu akimaliza kusema.

Yule mzungu alitabasamu, akaandika. Karani wake, Mzaramo wa pwani aliyekuwa akimfasiria, akatangaza, "Bwana amefurahi kuona mmekubali. Magari yatakuja baada ya siku saba."

Kwao makofi ni kukubali. Wazee wetu walishukuru kabla hawajapewa.

Jioni mama mkwe alinikuta nikipepeta.
"Wewe ndiye mwenye Kiswahili cha mjini. Bwana anaondoka asubuhi. Utasema."
"Mama, mimi mwanamke."
"Na huo mtama ulilimwa na nani, fisi?"

Mume wangu alisikia. Akasema taratibu, na taratibu yake ndiyo iliyoniogopesha, "Ukiniaibisha mbele ya mtemi, nyumba hii utaisikia kwa watu."

Asubuhi tulikwenda wanawake kama thelathini. Niliwaambia, "Kila mmoja avunje suke bichi, alishike kwa mikono miwili. Nikimaliza, asipige makofi mtu. Mikono ikiwasha, vumilieni." Walinitazama kama niliyewaambia tutembee uchi. Mbele ya mtemi? Bila makofi?

Mahema yalikuwa yamekwisha kukunjwa. Askari alitunyooshea fimbo. "Baraza lilikwisha jana!" Bwana alikuwa anaingia garini, mtemi amesimama kando kumuaga. Ningeanza na "Bwana mkubwa, baba yetu", mlango ungefungwa kabla sijafika kwa "yetu". Nikamwacha Bwana, nikamrukia karani.

"Wewe Mzaramo! Babu yangu alipita kwenu na pembe begani, mkamwibia jogoo wake mkamla na manyoya. Leo umefuata vifaranga?"

Askari alinyanyua fimbo. Karani alinikazia macho, nami nikaona nimekwisha. Kisha akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu safari za pembe, na mtani hapigwi.

"Mwongo mkubwa!" akajibu. "Babu yako ndiye aliyemaliza mihogo yetu, tukalala njaa sisi! Wewe mjukuu wake njaa utaijulia wapi?"

"Hiyo hiyo njaa, mtani. Ndiyo niliyokuja kuisema. Mwambie bwana wako."

Bwana akatoa kichwa, akauliza watu wanacheka nini. Ikambidi karani aeleze. Mguu mmoja wa Bwana ukashuka chini. Hapo hapo nikaingia, sikutafuta salamu. Nikasema: tunahama, hatubishi. Jana wazee hawakukubali siku saba, waliaga kwa heshima tu. Maghala hayana kitu. Kisha nikalibana suke langu mbele ya uso wake, maziwa yakanitiririka vidoleni.

"Hiki ndicho watoto wetu watakula huko?"

Nikakaa chini, nikashika suke langu.

Hakuna kimya kirefu kama kile. Mtemi aliangalia wanawake, akangoja makofi yake. Hayakuja. Mishipa ya shingo ikamtoka. Nyuma yangu mwanamke mmoja alianza kulia. Mama mkwe, mikono yake imezoea makofi miaka sitini, nilimwona ameibana kwapani pamoja na suke. Karani aliacha kucheka. Nilitamani kuongeza neno, hata "samahani" tu, nikauma ulimi. Ningeongeza, angeshika lile la mwisho akaliacha suke.

Bwana alimtazama mtemi, akatutazama sisi. Mwishowe akauliza, mtama utakauka lini?

"Mwezi huu uishe, na ujao uishe."

Akaandika. Karani akasema kwa sauti ya baraza, "Magari yatakuja baada ya mavuno." Kisha chinichini, "Deni la jogoo wenu nimelilipa, mtani."

Gari lilipoondoka mtemi alisimama mbele yangu. "Nani amekufundisha kumaliza maneno hivyo?" Nilipiga magoti, nikampigia yeye makofi, na wanawake wote nyuma yangu wakapiga mpaka mikono ikawa myekundu. Akageuka akaenda zake. Hakunisamehe, lakini hakunifukuza.

Tulivuna. Magari yalitubeba na vilindo vya magome vimejaa mtama mpaka juu. Mume wangu hakunisemesha siku nne. Huko tulikohamia alikula ugali wa mtama ule mwezi mzima, tonge kwa tonge, wala hakuuliza umetoka wapi.