Wifi Kazimika

Mie ni Kawthar, jirani wa juu, na nnayasema haya kwa sababu Darsait nzima, mtaa wetu huu wa Maskati, ina lake la kusema juu ya Zakiya. Watu wanamcheka kwa woga wake. Haya, wacheke. Mie nimeacha.

Zakiya ni mwoga kweli, sikatai. Mlango wake una kufuli, komeo na mnyororo. Akipigiwa simu na namba asiyoijua, haipokei, anaitazama mpaka inyamaze. Lakini mwoga huyu huyu, mumewe Marhoon alipofariki, hakumwacha wifi yake ahangaike. Bi Rahila, dada wa marehemu, mzee na mgonjwa wa sukari, alibaki palepale nyumbani, na Zakiya ndiye anayempikia, anayemwogesha na kumchoma sindano zake. Alimwita "wifi" usiku na mchana, wifi kula, wifi lala, mpaka binti yake Nawar alipoanza kusema, naye akamwita hivyo hivyo. Mtoto anamwita shangazi yake Wifi! Tulimrekebisha, tukachoka, jina likaganda.

Nawar sasa ni mtu mzima, kamaliza chuo, anatafuta kazi. Kiswahili chake ni cha Maskati: cha kusikia nyumbani, hakukisoma popote. Kwake kila kitu ni mtu. Friji kaharibika, gari kafika, kiti kavunjika. Sisi tunacheka na kumwelewa.

Zakiya anafanya kazi Rusayl, ofisi ya ghala moja la vigae, na Bi Rahila sukari yake hupanda na kushuka bila taarifa. Kwa hiyo alitundika kamera sebuleni ili amwone kwa simu akiwa kazini. Na kamera ile ndiyo iliyomzidishia hofu. Alisikia kazini habari za watu kuingiliwa kwenye mtandao wa nyumba na kutazamwa ndani, wanawake vichwa wazi. Tangu hapo, kile kiboksi cha intaneti kikawa kama mlango wa pili wa kulinda. Alijifunza mwenyewe kuingia kwenye kurasa zake za ndani, akitetemeka, asije akabonyeza pasipobonyezwa.

Asubuhi moja akaona humo simu asiyoijua. Simu yenyewe ilikuwa yangu, na neno la siri alinipa Bi Rahila kwa mdomo wake, maana kwao mgeni haombi kitu akakosa. Lakini hakumwambia Zakiya, nami sikujua kuwa hajui. Zakiya akaona mwizi yumo ndani. Akabadilisha jina la mtandao, akabadilisha neno la siri, akauficha usionekane na mtu, akamwandikia Nawar neno jipya alitie kwenye kamera, kisha akaondoka mbio asichelewe kazini. Mie huku juu neti ikanikatika, nikalaani kampuni.

Kufika Rusayl, akafungua kamera. Giza. Akangoja kidogo akafungua tena. Giza. Akajua kiboksi kimegoma, maana kilikwisha kumgomea mara mbili, na kila mara alikitibu kwa namna moja: nyuma kina kitundu kidogo, unaingiza ncha ya sindano ya kushonea, unabonyeza na kuhesabu hadi kumi, taa zinawaka upya. Alikuwa bado anaitazama ile kamera nyeusi ndipo ujumbe wa Nawar ulipoingia.

"Mama wifi kazimika. Haamki. Nafanyaje"

Sasa hapa nisikilize. Kwa mdomo hakuna tabu: shangazi ni wifi, na kile kiboksi sote tunakiita waifai. Lakini kwenye simu, herufi ni zilezile. Mtu akipoteza fahamu tunasema kazimia, na mashine tunasema imezimika. Nawar hajui tofauti hiyo. Na "haamki" kwake hata televisheni haamki. Zakiya alimsoma mwanawe kama alivyomzoea, na akili yake ilikuwa kwenye kiboksi tangu alfajiri. Akajibu upesi, kwa sababu msimamizi alikuwa anamwita.

"Tumia sindano. Kumi."

Akaiweka simu mezani, akaanza kupanga karatasi za mzigo. Jibu likaja.

"Mkono au tumbo?"

Aliniambia baadaye kwamba aliyasoma maneno yale mara ya kwanza akadhani Nawar kakosea mtu. Mara ya pili akaelewa. Aliona jambo lote kwa pamoja: Bi Rahila alichomwa dawa asubuhi, na katika haraka ile ya kiboksi hakuna aliyemsimamia akala. Sukari imemshuka. Mtu wa hali hiyo ukimwongezea insulini unammaliza, na yeye kwa mkono wake ameandika kumi.

Akampigia Nawar. Simu inaita, haipokelewi. Akapiga tena, na tena. Akafungua kamera aone, giza: Nawar hakuwahi kuitia lile neno jipya. Amemfungia mwizi mlango, na yeye mwenyewe amebaki nje. Ndipo akanipigia mimi.

Sikuitambua sauti. Ilikuwa nyembamba, kama ya mtoto. "Kawthar, shuka. Mzuie Nawar asimchome wifi. Shuka, shuka." Hakuniambia kwa nini, nami sikuuliza. Nilishuka zile ngazi na kanga moja, bila viatu, miguu yangu hii mibovu.

Mlango umefungwa, bila shaka. Kufuli, komeo, mnyororo. Nikaupiga kwa viganja, nikaita. Kimya. Nikaweka sikio, nikasikia mtu ndani anasoma Bismillahi, anarudia, anarudia. Wallahi, nimezika mume na nimezika mama, lakini sijapata kuogopa kama nilivyoogopa mbele ya ule mlango. Nilidhani anamsomea maiti.

Nikaupiga kwa ngumi. Kisomo kikakatika. Nikasikia komeo, nikasikia mnyororo, polepole. Mlango ukafunguka na Nawar yuko mbele yangu, sindano mkononi, uso umemkauka. Sikumtazama yeye. Macho yangu yalikwenda kwenye sindano.

Dawa bado imo.

Nikamnyang'anya bila salamu. Bi Rahila kalala chini, kando ya kochi, jasho limemlowanisha, kinywa wazi, anapumua kwa kukoroma; nikajua sukari imemshuka. Mkono wake wa kushoto umepandishwa nguo mpaka begani, na pamba yenye spiriti iko juu ya ngozi. Nikamtuma Nawar akaniletee asali. Tukamlaza ubavu, nikampaka asali kwenye fizi kwa kidole, kidogo kidogo asije akapaliwa, huku Nawar anaita gari la wagonjwa kwa simu yangu. Yake ilikuwa kwenye mto, imezimwa sauti ili Wifi alale vizuri, na kioo kimejaa jina la mama yake. Alikuwa jikoni akivuta dawa, akihesabu mpaka kumi, hakuiona.

Watu wa gari la wagonjwa walimtia dripu palepale. Bi Rahila akafumbua macho, akanitazama, akauliza kwa nini nimeingia nyumbani kwa watu na kanga moja. Nikalia kama mjinga.

Zakiya alifika wakati wanamfungia machela. Sijui aliendeshaje gari kutoka Rusayl, hata yeye hajui. Alimshika wifi yake miguu, akambusu nyayo. Kisha akamgeukia Nawar amkumbatie. Nawar hakusogea. Alinyoosha simu, ule ujumbe uko wazi, "Tumia sindano. Kumi." Zakiya akaanza kueleza: kiboksi, kitundu, sindano ya kushonea. Maneno yakamgongana mdomoni.

Nawar alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma mimi.

"Mama, nilikwisha chagua mkono," akasema. "Nisingekuuliza mara ya pili. Wewe ukisema, mimi nafanya."