Maji Mazuri Yasiyochotwa

Ami yangu wa Mkongani alisema sitafika popote. Aliyasema hayo harusini, mbele ya watu, tonge la pilau mkononi: "Huyu alikwenda Arabuni kufungua koki na kufunga koki. Leo amerudi, eti kwa diploma yake anataka kuitoa chumvi majini. Chumvi kaiweka Mungu, yeye ataitoa kwa bisibisi?" Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa sababu nina adabu, lakini maneno yale yaliniganda.

Diploma yangu ya mitambo niliisomea Mombasa, na karo niliilipa kwa kusafisha mabwawa ya kuogelea katika hoteli za Diani. Hakuna aliyenishika mkono. Nilipokwenda Ghuba niliajiriwa kufagia katika kiwanda cha kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, nikaondoka nikiwa msimamizi wa zamu. Wenye digrii zao walikuwa wakinitafuta mimi pampu ilipoanza kukohoa. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema.

Kwa hiyo wafadhili fulani walipotaka mtu wa kujenga mtambo mdogo wa kuchuja chumvi kijijini Mkwiro, kisiwani karibu na Shimoni, kazi niliipata mimi. Kisiwa kile ni mawe matupu ya matumbawe. Maji ya visima vyake yana chumvi, na birika za mvua zikikauka watu hununua maji yanayoletwa kwa mashua kutoka Shimoni. Mkataba ulikuwa mgumu: nusu ya malipo mwanzo, nusu siku kijiji kitakapokuwa kinayanywa maji hayo kweli. Nusu ya kwanza haikutosha hata kununua mitungi ya vichujio.

Pengo hilo alilijaza khaleti yangu wa Msambweni, mdogo wa marehemu mama, aliyenilea. Alikuwa na bangili za dhahabu ambazo hazijawahi kutoka mkononi tangu harusi yake. Tulizitoa kwa sabuni. Alikaza meno, kifundo kikawa chekundu, akasema, "Vuta, mwanangu, usinionee huruma. Ukinionea huruma hazitatoka." Sonara wa Ukunda alizipokea rehani. "Nitakungoja mpaka Idi," aliniambia. "Idi ikipita, nitaziyeyusha. Mimi nina watoto pia."

Mtambo niliujenga vizuri. Mwenyekiti wa kamati ya maji alinionyesha kisima kilicho kando ya msikiti, chenye maji mengi, hatua chache kutoka mahali pa kuweka paneli za sola. Siku ya kufungua, kila mtu alionja. Wote walisema neno moja: "Mashallah, maji mazuri." Wafadhili wakaweka bei ndogo kwa kila dumu, ili siku za mbele vichujio vipate kubadilishwa, wakapanda mashua wakaenda zao.

Kisha tangi likabaki limejaa.

Asubuhi nilikuta limejaa, jioni limejaa. Wanawake walipita mbele ya mfereji wangu na madumu matupu, wakateremka gatini, wakarudi na maji ya Shimoni, ambayo bei yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. Nilimsimamisha mmoja, mama wa makamo.

"Mama, shikamoo. Maji haya yana kasoro gani?"

"Marahaba, mwanangu. Hayana kasoro. Mazuri sana."

"Basi kinga hapa, leo nakupa bure."

"Ahsante, baba. Dumu langu lishajaa."

Dumu lake nililiona. Lilikuwa likiyumbayumba kwa upepo.

Niliwapigia wafadhili. Mhandisi wao, kijana wa Nairobi mwenye digrii mbili, aliniambia niangalie presha, nibadilishe vichujio, nimtumie picha. Presha ilikuwa sawa. Kipimo cha chumvi kilionyesha maji safi kuliko yale ya chupa yanayouzwa hotelini. Nikayafungua mabomba yote, nikayaosha, nikayafunga. Nikalibadilisha tangi nikidhani lina harufu ya plastiki. Huku Ramadhani imeingia, na khaleti alikuwa akinipigia simu akiniuliza habari za afya yangu tu. Hakuuliza kamwe habari za bangili. Laiti angeuliza.

Mtu mwingine angeondoka akasema watu wa Mkwiro hawana shukrani. Mimi kazi yangu siifanyi kwa simu. Nilikodi chumba kijijini, nikafuturu nao, nikaswali nao. Na hapo ndipo jambo lilipojifungua. Alasiri moja nilikuwa nikitawadha kisimani, na mwadhini karibu yangu alipomaliza kutawadha alisema taratibu, kama mtu aliyezoea kulisema kila siku, "Mola amrehemu aliyekitoa kisima hiki." Nikabaki na maji kiganjani. Nimezaliwa pwani hii. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Baada ya swala nilimfuata maalim wa msikiti.

"Maalim, kisima hiki ni wakfu?"

"Ni wakfu. Bibi mmoja alikitoa zamani, kwa ajili ya msikiti na kila mwenye kiu."

"Na maji yake huuzwa?"

"Hayauzwi."

"Yakipita kwenye mtambo wangu je?"

Alitabasamu. "Wewe umesoma mitambo, mimi sikusoma. Lakini ng'ombe wa wakfu ukimkamua kwa mashine, maziwa yanakuwa yako?"

"Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyenionyesha kisima."

"Alikuonyesha kabla bei haijatajwa. Bei ilipotajwa, wageni walikuwa wamekaa, wali umepakuliwa. Nani angesimama?"

"Na mimi mbona hamkuniambia? Nimekaa nanyi siku zote hizi, nafungua mabomba mnaniangalia."

"Mgeni haambiwi kuwa sadaka yake ina chumvi," alisema.

Mgeni. Neno hilo liliniuma kuliko bisibisi ya ami yangu. Nimetoka Msambweni, ng'ambo tu ya maji, na watu wamenificha jambo kwa heshima, kama wanavyomficha Mzungu.

Wafadhili walikataa kuondoa bei na walikataa kutoa senti ya kisima kingine. Ilinibidi nichimbe mwenyewe, karibu na ufuo, kwenye kiwanja kisicho na wakfu wala mzozo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kombani alinipa mabomba na saruji kwa mkopo, akinitazama kama anayezika kitu. Ujira wa wachimbaji nilikwenda kuuomba Mkongani, kwa ami.

"Bisibisi imekwama?" aliniuliza.

"Bisibisi haikukwama, ami. Kisima ndicho kilichokosewa."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kumfungua fahali wake mkubwa. "Nakupa huyu ukamuuze. Si kwamba nakuamini. Nataka niuone mwisho wake."

Kuchimba matumbawe ni kuvunja mifupa ya nchi. Nyundo zilipinda. Maji ya kwanza yalitoka na mchanga ambao ungeviua vichujio vyangu kwa wiki moja, nikaweka changarawe kuzunguka bomba, tabaka juu ya tabaka, kama nilivyofanya Ghuba. Niliona pia kwamba bahari ikipwa kisima nacho kinapwa na pampu inavuta matope, nikaitega pampu mpya isiwake ila maji yakijaa. Hakuna aliyenifundisha hilo. Ile pampu ya zamani niliiacha kisimani pa msikiti iwapandishie watu maji ya kutawadha, bila bei.

Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani maalim alisimama akawaambia watu kwamba maji ya mfereji hayatoki tena kwenye wakfu. Hakuongeza neno. Kabla ya magharibi niliusikia mlio nilioungoja tangu siku ya kwanza, madumu matupu yakigongana kwenye foleni. Yule mama wa makamo alikuwa wa mbele. "Leo dumu langu lina nafasi," alisema.

Wafadhili walikuja kuhesabu foleni wakalipa, mkesha wa Idi.

Siku ya Idi yenyewe niliwalipa wote walionikopesha. Wa Kombani alikuwa dukani bado hajavaa kanzu. Alizipokea pesa zake akaomba nimtengenezee pampu ya nyumbani. Ami nilimpelekea fahali, si yule, lakini mnene kumzidi. Alimzunguka, akamshika nundu. "Wa kwangu alikuwa na adabu," alisema. Kisha akawaita jirani zake waje wamwone.

Sonara nilikuwa nimemgongea mlango alfajiri. Kwa khaleti nilifika mwisho. Nilimkuta kitandani, ndani ya leso mpya. Alikuwa hajanieleza kwamba sukari ilimpanda mwezi mzima. Nilizitoa bangili, nikaulizia sabuni kwa mzaha. Akaunyosha mkono juu. Zilipita zenyewe, moja baada ya nyingine, zikateremka hadi karibu na kiwiko.

Alizitikisa, zikalia.

"Huyu sonara wako," alisema, "amezipanua."

Nikasema ndiyo, amezipanua.