Kitenge cha Mbele

Kwa miaka ishirini, kila Mheshimiwa Ndaki alipokuja kuhutubia, kitenge cha kwanza kutandikwa chini ili akanyage kilikuwa cha Asteria. Sisi wengine tulifuata, kila mmoja na chake, mpaka diwani wetu anafika jukwaani bila kiatu kugusa vumbi. Nilikuwa namtania Asteria: "Mama Dorah, hata mumeo hujawahi kumtandikia hivyo." Naye ananijibu kwamba mumewe hajamletea zahanati.

Zahanati kweli Ndaki aliileta, na madarasa mawili. Sitamnyima haki yake. Asteria mwenyewe alizaliwa Ushirombo, jirani na misheni, akauza dagaa wa Nkome kwa beseni kichwani, kisha akamfuata mume huku Rwamgasa kwenye dhahabu. Alikuwa mponda mawe kama mimi. Chama ndicho kilichomtoa. Alipochaguliwa mwenyekiti wa kina mama wa tawi, watu wakaanza kusimama kumsalimia, na niseme ukweli, nilimwonea wivu.

Miaka mitatu iliyopita mwekezaji mmoja aliutaka mwalo wetu, pale kijitoni tulipokuwa tunaoshea mawe tuliyoponda. Ndaki alitukusanya akaapa kwamba mwalo hautoki. Jioni ile madiwani wa Chama wakakaa kikao chao cha ndani. Kesho yake hoja ya kumpa mwekezaji mwalo ikaletwa kwenye baraza la madiwani, na Ndaki akanyoosha mkono kukubali pamoja na wenzake. Aliporudi hakutuficha. "Mimi binafsi nilipinga kwenye kikao," alisema. "Lakini Chama kikishaamua, huu mkono si wangu tena."

Tulitaka kwenda wilayani siku hiyo hiyo, na nyundo zetu mkononi. Asteria ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kututuliza. "Huyu ni wetu," alituambia. "Tukimwanika yeye, tunajianika wenyewe. Haya tutayamaliza ndani." Tukanyamaza, na hayakumalizwa ndani wala nje.

Tukahamia kuoshea kwenye shimo la zamani lenye kingo mbovu. Mvua za Machi zilipokolea, ukingo ulimwangukia mdogo wangu Tabu akiwa anachota maji. Tulimfukua kwa mikono. Ndaki alikuja mazikoni, akanishika mkono. Miezi miwili baadaye aliitisha mkutano, na Asteria akamtandikia kitenge kama kawaida. Mimi siku hiyo sikwenda.

Mwaka huu Ndaki akatangaza kwamba amechoka, hagombei tena, na tawi likaandaa sherehe ya kumuaga. Nilimfuata Asteria kwake, nikamkuta anachambua mchele, nikamtolea uvivu.

"Mama Dorah, ukimtandikia Ndaki Jumamosi, usikanyage tena kwangu."

Hakuacha kuchambua. "Mama Sabiti, mimi ndiye niliyewazuia msiende wilayani," alisema. "Unafikiri nimesahau? Lile shimo naliota. Lakini Katibu wa tawi ameshaniambia, nisipoongoza kina mama nafasi yangu atapewa mwingine. Hiyo nafasi ndiyo kitu pekee nilichopata maishani."

"Hilo ni lako," nilimjibu.

Hakuniambia atafanya nini. Nilirudi nyumbani najiona mtu mwenye msimamo kuliko wote katika kata ile.

Jumamosi uwanja ulijaa. Tulijipanga kina mama thelathini, Asteria mbele, mimi nyuma yake nione atafanya nini. Gari la Ndaki liliposimama, Katibu alishika kipaza sauti: "Kina mama, njia ya Mheshimiwa!" Ngoma zikalia, vigelegele vikapanda. Macho yangu yalikuwa mgongoni kwa Asteria tu. Alikuwa amekikumbatia kitenge chake, na hakuinama.

Ndaki alishuka, akaja mpaka mbele yake, akasimama kusubiri. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyodhani.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Mama Dorah."

"Leo utapita chini, baba. Kwa ajili ya Tabu." Alisema kwa sauti ya chini, ni sisi wa karibu tu tuliosikia. "Na sikulaumu peke yako. Mimi niliwanyamazisha wenzangu kwa ajili yako."

Ndaki alimtazama. Nilidhani atakasirika. "Ungeniambia wakati ule," alisema.

"Ungenisikia?"

Mzee alifikiri kweli kweli. "Nisingekusikia," alisema.

Kisha akapita pembeni yake, na viatu vyake vyeusi vikazama kwenye vumbi. Nilimwambia Tabu kimoyomoyo: umeona? Nilimpenda Asteria wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda mtu asiye wa damu yangu. Nilijua Jumatatu hana cheo, na nilijua ningekaa naye.

Hatua mbili mbele, Ndaki akasimama tena. Alikuwa amesimama mbele yangu, anatazama chini, nami nikatazama anapotazama. Alikuwa amekanyaga kitenge changu.

Sikumbuki kuamua. Katibu alipoita na vigelegele vilipopanda, nilikuwa nimeinama pamoja na wenzangu, nimetandika, nikainuka, macho yote kwa Asteria. Hata kwa nini nilitoka nyumbani na kitenge cha pili begani, siwezi kueleza. Vumbi la viatu vyake lilikuwa limechora nyayo mbili katikati.

Ndaki alinitambua. Macho yake yalijaa machozi, akanishika mkono kama alivyonishika mazikoni.

"Wabeja, mayu," alisema. Alinishukuru kwa Kisukuma, kama mtu anavyomshukuru mama yake. "Kama wewe, dada yake Tabu, umenisamehe, basi mimi naenda kupumzika kwa amani."

Asteria alikuwa amegeuka, anatutazama. Sikumwambia mzee kwamba sijamsamehe. Nilisema, "Karibu, Mheshimiwa."