Gemu kwenye Kompyuta ya Mama Neema

Msinicheke sana. Mimi nachapa kazi za watu kwenye steshenari ya Mama Neema, hapa Iguguno. Aliponunua kompyuta ya mezani ya bei chee alinionya, "Hii ni ya kuchapa tu, magemu haiyawezi." Mimi nikajifanya najua zaidi. Juzi alipokwenda sokoni, nikaweka gemu la mpira. Nilipopiga penalti tu, skrini ikaganda, mpira ukabaki hewani.

Mara Mama akaingia na mzee aliyetaka kuchapiwa kadi za harusi ya bintiye. Nikazima skrini haraka.

"Shikamooni. Umeme umekatika." Nikazima na feni kisirisiri, ili uongo ukamilike.

"Pole mwanangu, na joto hili!" Mama akaanza kunipepea kwa khanga yake. Mzee akasema atasubiri, maana ametoka mbali. Jasho lilinitiririka, na si la joto peke yake.

Ndipo ile kompyuta ikazinduka. Spika zikalipuka kwa kelele za uwanja mzima: "Gooooli!"

Khanga ikasimama. Mzee akanitazama kwa huruma, akauliza taratibu, "Nani kafunga, mwanangu?"