Kisiwa Nilichokizamisha Kanisani

Mwaka wa pili wa Uhuru niliajiriwa kupima jinsi bahari inavyomega ufuo wa kisiwa kimoja huko pwani. Mimi mtoto wa milima ya Manga, huko Kisii, nilijua maji ya mto ya kuteremka tu. Asubuhi ya kwanza nilipima kutoka kigingi hadi majini, nikapata hatua themanini. Mchana zilibaki ishirini! Nikarukia mashua, sikutua hadi nyumbani.

Kanisani nilisimulia jinsi mawimbi yanavyotafuna kisiwa kama mbuzi aliyeingia kwenye maharagwe. Watu walilia. Jumapili iliyofuata mikungu ya ndizi ilijaa uwanjani, na mama alitoa blanketi lake la pekee. Mzee Athumani, mwenye duka Kisii na mzaliwa wa kisiwa hicho, alileta lori la kubebea misaada. Hakujua Kigusii, hivyo nikawa mkalimani wake.

“Mwanangu, hukungoja jioni?” akaniuliza.

“Ningezama, mzee!”

“Jioni maji yangetoka, ukaukuta mchanga wako palepale. Bahari hujaa na kupwa kila siku.”

Mama akanivuta shati. “Anasemaje? Tuongeze mablanketi?”

Kanisa zima lilikuwa likingoja nitafsiri.